Kumfuatilia Babu Mskoti kwenye Kumbukumbu za Familia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu nimeuandika kwa ajili ya watu wanaonipigia simu wakiwa na picha moja ya zamani na nusu ya jina. Wengi ni jamaa wa huku Afrika Mashariki wenye babu au bibi wa Kiskoti: mmisionari, fundi wa reli, mwenye shamba, nesi. Wengine wameolewa huko na wanataka watoto wao waujue ukoo wa upande wa pili. Nimejibu kwa jinsi ninavyofanya mwenyewe. Na kama kuna neno moja ningependa ulishike tangu mwanzo, ni hili: kwenye makaratasi ya Uskoti, mfuate mama.

Nina jina na hadithi za bibi tu. Nianzie wapi?

Anzia kwako urudi nyuma, kizazi kimoja kimoja. Usianzie kwa shujaa wa zamani anayesemekana ni wa ukoo wenu kisha ukashuka naye hadi kwako. Njia hiyo huishia kwa babu wa watu wengine.

Kaa na wazee kabla hujafungua kompyuta. Waulize mambo madogo madogo: alisali dhehebu gani, dada zake waliitwa nani, barua zilikuwa zikitoka mji gani. Geuza picha utazame nyuma, maana mara nyingi kuna muhuri wa studio wenye jina la mji. Kama kuna Biblia ya familia, tazama kurasa za mwanzo na zile zilizo kati ya Agano la Kale na Agano Jipya, kwani humo ndimo walimoandika nani kazaliwa na nani kafariki. Andika hata yale usiyoyaamini. Hadithi ikisema tu kwamba "alitoka visiwani", hata jina la kisiwa likiwa limesahaulika, imeshakupa upande wa kutazama.

Mfuate mama, kivipi?

Mwanamke wa Kiskoti aliyeolewa hakupoteza jina la kwao. Majirani walimwita kwa jina la mume, lakini karani alipofungua kitabu aliandika yote mawili, na kwenye jiwe la kaburi mara nyingi limebaki lile la kwao. Cheti cha kifo kinataja baba na mama wa marehemu, na mama anaandikwa na ukoo aliozaliwa nao, baada ya herufi M.S. ("maiden surname", yaani jina la kwao). Cheti cha ndoa kinataja wazazi wote wanne. Kwa jirani zao wa Uingereza, cheti cha ndoa kilitaja baba peke yake hadi mwaka 2021, na cha kifo cha mtu mzima wa zama zile hakikutaja wazazi kabisa.

Faida yake utaiona siku utakapokuta akina John Campbell kumi na wawili wa umri mmoja huko Argyll. Jina la baba halitakufikisha popote, maana baba zao nao ni akina John na Duncan. Lakini John Campbell ambaye mama yake ni binti wa akina MacVicar atakuwa mmoja, wakizidi sana wawili.

Kwa nini kila mtu anautaja mwaka 1855?

Tarehe 1 Januari 1855 ndipo serikali ilipoanza kusajili kila kuzaliwa, kila ndoa na kila kifo Uskoti nzima. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa makanisa.

Mwaka wenyewe wa kwanza una utajiri wa peke yake. Walioandaa fomu walitaka kujua kila kitu. Cheti cha kuzaliwa cha 1855 kinaeleza umri wa wazazi, walikozaliwa, lini na wapi walifunga ndoa, na wana watoto wangapi wengine, walio hai na waliokufa. Cheti cha kifo kinasema marehemu alizaliwa wapi, alioa au kuolewa na nani, na kinawaorodhesha watoto wake kwa majina. Makarani walielemewa, na mwaka 1856 mengi yakaondolewa. Tarehe na mahali pa ndoa ya wazazi vilirudishwa kwenye vyeti vya kuzaliwa mwaka 1861.

Kwa hiyo hata kama babu yako alizaliwa 1849, tafuta ndugu zake. Mdogo wake aliyezaliwa 1855, au bibi yake aliyefariki mwaka huo, anaweza kukupa kwa mstari mmoja kile ambacho ungekitafuta miezi sita.

Ukurasa wa kifo unaonekanaje, na niusome vipi?

Ni ukurasa mpana wenye watu watatu, kila mmoja na mstari wake mnene. Mkono wa kushoto kuna jina, kazi na hali ya ndoa. Inafuata tarehe na mahali pa kifo, pamoja na saa. Ukiona "3h. 30m. P.M." hiyo ni saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu. Kisha umri, kisha wazazi: jina la baba na kazi yake, chini yake jina la mama na ukoo wa kwao, na neno "deceased" kama mzazi alikuwa ameshafariki. Baada ya hapo maradhi, na mara nyingi muda aliougua, na jina la daktari.

Safu ambayo watu huiruka ndiyo ninayoipenda kuliko zote: ya mtoa taarifa. Pale pana saini ya mtu aliyekwenda kwa msajili, uhusiano wake na marehemu, na mara nyingi neno "present", maana yake alikuwapo roho ikitoka. Kama hakujua kuandika utakuta alama ya X na maneno "his mark" au "her mark" pembeni. Nimewahi kuonyeshwa ukurasa ambapo mtoa taarifa alikuwa binti wa marehemu, na X yake imekandamizwa hadi wino umetawanyika. Huyo binti ndiye bibi mzaa bibi wa mtu aliyekuwa amekaa kando yangu. Hakuwahi kuona picha yake, lakini alikaa kimya mbele ya ile X kwa muda mrefu.

Usisahau kwamba majina ya wazazi kwenye cheti cha kifo yametolewa na mtu mwenye msiba. Mkwe anaweza asijue mama wa mzee aliitwa nani. Linganisha na cheti cha ndoa, ambacho mhusika alitoa habari zake mwenyewe.

Babu yetu alifia huku Afrika. Cheti cha Uskoti hakipo. Nimekwama?

Hujakwama. Tafuta kaka yake au dada yake aliyebaki nyumbani. Cheti cha kifo cha dada kinataja baba yule yule na mama yule yule, na hapo umeshaushika uzi.

Kuna pia mahali pengine pa kutazama. Orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza kwenda nje ya Ulaya zipo kwa miaka 1890 hadi 1960, na waliopanda meli kuja Mombasa wamo. Gazeti rasmi la serikali ya Kenya, lililoanza mwaka 1899 wakati wa himaya, lilichapisha matangazo ya mirathi ya walowezi na watumishi waliofariki. Na kama aliacha mali yoyote Uskoti, hata akiba ndogo ya benki, mirathi yake ilishughulikiwa Edinburgh, kwa kuwa mahakama ya huko ndiyo iliyohusika na Waskoti waliofia ng'ambo.

Kwa waliokuja na misheni kazi ni rahisi zaidi, kwa sababu makanisa huandika sana. Misheni ya Kanisa la Uskoti ilianzia Kibwezi mwaka 1891 na kuhamia Kikuyu mwaka 1898. Jina la Thogoto, mahali ilipo misheni hiyo huko Kikuyu, ni neno "Scot" lilivyotamkwa na Wakikuyu.

Kabla ya 1855 kuna nini?

Kuna rejista za zamani za parokia: ubatizo, matangazo ya ndoa, na mazishi kwa nadra. Ya zamani kuliko zote ni ya Errol, Perthshire, inayoanza mwaka 1553, lakini usitegemee bahati hiyo kila mahali. Parokia nyingi za nyanda za juu na visiwa zina vitabu vinavyoanza mwishoni mwa karne ya 18 au baadaye kabisa.

Yako mapengo yenye sababu. Kati ya 1783 na 1794 serikali ilitoza kodi ya peni tatu kwa kila ubatizo, ndoa au mazishi yaliyoandikwa, na maskini wengi wakaacha kuandikisha. Mwaka 1843 kanisa liligawanyika, sehemu kubwa ya waumini wakatoka na kuunda Kanisa Huru, na watoto wao hawamo kwenye kitabu cha parokia. Wakatoliki nao wana rejista zao.

Mazishi ndiyo tatizo kubwa. Mara nyingi kitu pekee utakachokuta ni malipo ya kukodi kitambaa cha jeneza. Kanisa lilikuwa na kitambaa cheusi, cha mahameli kwa wenye uwezo, ambacho familia ilikikodi kulifunika jeneza njiani, na fedha zikaenda kwa maskini wa parokia. Karani aliandika kiasi na jina, basi. Kifo cha mtu kimebaki kwenye daftari la mapato.

Jina letu limeandikwa kwa namna tatu tofauti. Lipi ni sahihi?

Yote. Karani aliandika alivyosikia, na mwenye jina mara nyingi hakujua kusoma. Mac, Mc na M' ni kitu kimoja. Hata waliosoma walibadili: baba wa mshairi Robert Burns alijiandika Burnes, na wanawe wakaanza kutumia Burns mwaka 1786.

Majina ya kwanza nayo yana pacha. Jessie anaweza kuwa Janet, Peter akawa Patrick, Donald akaandikwa Daniel, hasa pale mtu wa Kigaeli, lugha ya nyanda za juu na visiwa, alipoandikwa na karani wa Kiingereza. Usimwache mtu kwa sababu ya herufi.

Ni kweli watoto walipewa majina kwa mpangilio?

Ni kweli kwa familia nyingi, na sisi wa huku tunaielewa desturi hii haraka kuliko wengine. Mtoto wa kwanza wa kiume alirithi jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la baba mwenyewe. Binti wa kwanza alichukua la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba, wa tatu la mama. Mkikuyu atatambua mara moja kwamba ni kama kwao, ila kwao binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba.

Mfano mzuri ni familia ya huyo huyo Burns. Baba William alioa Agnes Broun. Mwana wa kwanza, aliyezaliwa Alloway tarehe 25 Januari 1759, ni Robert, jina la babu yake, yaani baba aliyemzaa William. Wa pili ni Gilbert, jina la Gilbert Broun, baba yake Agnes. Wa tatu ni William. Binti wa kwanza ni Agnes, kama bibi mzaa mama, Agnes Rainie. Mpaka hapo kanuni imeshika kabisa. Bibi mzaa baba aliitwa Isabella Keith, kwa hiyo ungemtarajia Isabella kuwa binti wa pili, lakini wa pili ni Annabella, na Isabella akaja wa tatu, kitinda mimba wa nyumba ile.

Itumie desturi hii kama fununu. Ukiona mtoto wa pili wa kiume ana jina geni katika ukoo wa baba, mtafute babu mwenye jina hilo upande wa mama. Na ukikuta watoto wawili wa jina moja katika nyumba moja, mara nyingi wa kwanza alifariki na jina likapewa mwingine.

Watoto wapo, lakini ndoa siioni popote. Hawakuoana?

Huenda walioana bila mchungaji. Sheria ya Uskoti ilitambua ndoa ya watu wawili waliokubaliana kuwa mume na mke, hata bila ibada, na baadhi ya njia hizo za kuoana zilifutwa tu mwezi Julai 1940. Kanisa halikuzipenda ndoa hizo, na hapo ndipo ushahidi wako ulipo: kwenye kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa.

Burns tena. Tarehe 5 Agosti 1788 yeye na Jean Armour walisimama mbele ya baraza la Mauchline, wakakiri kwamba wameoana kwa njia isiyo ya kawaida, wakakaripiwa, naye akatoa gini moja, sarafu ya dhahabu, kwa ajili ya maskini. Majina yao yamo kitabuni. Ungetafuta harusi ya kanisani usingeiona.

Vitabu vya mabaraza haya naviona kuwa hazina kuliko zote, na pia vinauma. Vimejaa wasichana, wengi wao watumishi wa ndani, wakihojiwa wiki baada ya wiki na wanaume wazee wawataje waliowapa mimba. Wapo waliokataa kutaja. Ukimkuta bibi yako humo, soma polepole, na ukiwasimulia wanao wasimulie kwa heshima.

Na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa?

Baada ya 1855 anaandikwa kwa ukoo wa mama, na hadi mwaka 1919 neno "illegitimate" liliwekwa chini ya jina lake. Jina la baba linaonekana tu kama baba mwenyewe alifika kutia saini pamoja na mama. Lakini tazama ukingo wa ukurasa. Kama kuna herufi R.C.E., inakuelekeza kwenye rejista ya masahihisho, na huko unaweza kukuta hukumu ya mahakama iliyomtaja baba.

Sensa zina nini?

Zilizo wazi ni za kila miaka kumi, 1841 hadi 1921. Ya 1841 ni dhaifu: umri wa watu wazima ulishushwa hadi kigawe cha tano, kwa hiyo mtu wa miaka 34 ameandikwa 30, na haisemi nani ni nani nyumbani. Kuanzia 1851 unapata uhusiano na parokia ya kuzaliwa. Sensa ya 1861 iliuliza nyumba ina vyumba vingapi vyenye dirisha, na ukiona familia ya watu tisa yenye chumba kimoja huhitaji maelezo zaidi kuhusu kwa nini mwana wao alipanda meli. Kuanzia 1881 wakaulizwa pia kama wanazungumza Kigaeli.

Walikuwa maskini wa kutupwa. Kuna aliyehangaika kuwaandika?

Maskini wa Glasgow wameandikwa kuliko matajiri wengi. Sheria ya 1845 iliziwekea parokia bodi za kushughulikia misaada, na kila aliyeomba alihojiwa: amezaliwa wapi, wazazi wake nani, ameolewa lini, watoto wangapi. Maombi ya Glasgow, kuanzia miaka ya 1850, yamehifadhiwa kwenye Maktaba ya Mitchell mjini humo. Bodi ilitaka kujua parokia ipi ilipe, na kwa sababu hiyo ya ubahili sisi tumeachiwa historia za familia nzima.

Wosia nao?

Nyaraka za mirathi zipo tangu karne ya 16 na nyingi zinasomeka mtandaoni. Jambo linalowachanganya watu ni kwamba kabla ya mwaka 1868 ardhi haikurithishwa kwa wosia. Ilikwenda kwa mwana mkubwa kwa sheria. Usipomwona kwenye wosia, usidhani alifukuzwa.

Msomaji Mwislamu ataona kitu anachokijua: mali isiyo ardhi iligawanywa mafungu matatu kama marehemu aliacha mke na watoto. Theluthi ya mjane, theluthi ya watoto, na theluthi moja tu ndiyo aliyoweza kuiusia atakavyo.

Alikuwa mwanajeshi Vita vya Kwanza.

Jaribu, ila ujue kwamba sehemu kubwa ya mafaili ya askari wa kawaida iliungua London mwaka 1940 kwa mabomu.

Tuna haki ya kutumia ngao (nembo) ya ukoo?

Hapana. Ngao Uskoti ni ya mtu mmoja aliyepewa, na ipo mahakama yake Edinburgh inayolinda jambo hilo. Wala jina la ukoo si ushahidi wa damu, maana wapangaji wengi walichukua jina la mwenye ardhi.

Ninazipata wapi, na ni gharama gani?

Tovuti rasmi ni ScotlandsPeople, ya Hifadhi ya Taifa ya Uskoti. Kutafuta kwenye faharasa hulipi; picha ya ukurasa unailipia kwa salio unalonunua mapema, kama vocha ya simu. Vitabu vya mabaraza ya wazee vinasomwa bure, ila havina faharasa ya majina, itakubidi upekue kurasa. Tovuti ya FamilySearch ni bure na ina faharasa nzuri ya ubatizo na ndoa za kabla ya 1855.

Picha za hivi karibuni hazionyeshwi mtandaoni: kuzaliwa ni baada ya miaka 100, ndoa 75, kifo 50. Za karibu zaidi unaagiza cheti.

Nitajuaje kwamba ni yeye?

Kwa kumkuta mara tatu, akiwa na mama yule yule. Nilishawahi kumfuatilia mtu kwa karibu mwaka mzima: jina sawa, kazi sawa, parokia sawa. Nikapata hadi ubatizo wake nikawapigia simu jamaa kwa furaha. Kisha nikakuta yule mtoto niliyembatiza ubabu alizikwa akiwa na miaka minne. Tangu hapo, kabla ya kumkubali yeyote, nahakikisha kwanza kwamba hakufa utotoni.

Babu hakumwandikisha bibi yetu wala hakumtambua. Makaratasi yatasema nini?

Kuhusu bibi yenu, ya Uskoti hayatasema lolote, na ni vema mlijue hilo mapema. Lakini maisha ya mwanamume yule kabla hajafika huku yanaweza kujengwa upya: mama yake, nyumba waliyoishi, umri aliokuwa nao alipopanda meli. Kipimo cha vinasaba kinaweza kufunga pengo, kama wazao wa ndugu zake nao wamepima. Mzee aliye karibu zaidi na bibi apimwe kwanza, kwa ridhaa yake, kwa kuwa kila kizazi kinapunguza nusu. Mkiwapata jamaa wa kule, anzeni na barua fupi yenye jina la mama wa mzee na parokia yake. Watajua hamkubahatisha.

Nikishapata, nihifadhi vipi?

Kila picha ya ukurasa iandikie namba ya wilaya ya usajili, mwaka, na namba ya mstari. Kwa namba hizo tatu mjukuu wako ataufungua ukurasa ule ule bila kukuuliza.